Aliyoiona mama wa bibi mwaka 1910 ilikuwa Halley kweli?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Marehemu bibi yetu alikuwa akitusimulia kwamba mama yake, akiwa binti mdogo mwaka 1910, aliiona kometi ya Halley mchana kweupe, iko pembeni tu ya jua, halafu siku zilizofuata ikawa inatoka jioni na mkia mrefu uliopinda. Kaka zangu wanasema bibi alitia chumvi. Hivi Halley inaonekana mchana kweli?

JIBU: Asante ndugu msomaji, swali hili nimelipenda mno. Bibi hakutia chumvi hata punje, shida ni jina tu. Mwaka ule zilipita kometi mbili, yani nyota zenye mkia, sio moja, na hiyo unayoielezea ni ile ya kwanza, Kometi Kubwa ya Januari.

Yani ilikuja bila hodi. Halley ilikuwa inajulikana iko njiani, mtaalamu wa nyota Max Wolf alishainasa kwenye picha kule Heidelberg, Ujerumani, tangu Septemba 1909, magazeti yakaandika weee, watu kila siku macho juu wanaisubiri, sasa katikati ya kusubiri huko alfajiri ya tarehe 12 Januari wachimba madini kule Transvaal, Afrika Kusini, wanaona kometi nyingine kabisa, inang'aa tayari kwa macho matupu na haikuwa kwenye hesabu za mtaalamu yeyote. Siku tano baadaye ikapita karibu na jua, kama kilomita milioni 19, ikawaka kuishinda hata Zuhura, ndo siku ambazo ukilificha jua nyuma ya ukuta unaiona mchana. Kisha ikahamia upande wa magharibi, jua likizama tu nayo hiyo hapo, mkia wa vumbi umepinda kama bibi alivyosema. Sasa mtu ameambiwa Halley inakuja, akiona kitu kama kile ataiita nini? Hata Halley iliporudi 1986, wazee wengi waliohojiwa kuhusu 1910 walikuwa wanaielezea hii ya Januari bila kujua.

Halley yenyewe ilifika karibu na jua tarehe 20 Aprili, ikapendeza sana mwezi Mei, ila mwanga wa kuonekana mchana haikuwa nao. Hiyo ndo iliyoleta hofu, manake wataalamu walikuta kwenye mkia wake gesi ya sianojeni, ambayo ni sumu, na dunia ilikuwa inapita usawa wa mkia huo tarehe 18 kuamkia 19 Mei, basi wajanja wakawauzia watu vidonge vya kujikinga na kometi (hili linaniuma mpaka leo, walioliwa hela ni watu waliokuwa wanaogopa kufa kweli). Mkia wa kometi ni mwepesi mno, hakuna aliyedhurika.

Kwa hiyo waambie kaka zako wasubiri 2061, Halley itakuwa imerudi. Ile aliyoiona mama wa bibi mzunguko wake ni wa maelfu ya miaka.