Helmeti ya bodaboda juu ya farasi

SWALI: Kijana wangu ameanza kujifunza kupanda farasi. Helmeti ya bodaboda tunayo nyumbani. Je, haitoshi? – Mzazi, Shella, Malindi

JIBU: Haitoshi, mzazi mwenzetu. Ni nzito, inamlemea shingo, na haikupimwa kwa maanguko ya farasi. Tafuta ya wapanda farasi yenye lebo ya kiwango cha usalama ndani: EN 1384 (cha Ulaya) au ASTM F1163 (cha Marekani). Ikae vidole viwili juu ya nyusi, kisha funga mkanda wa kidevu na uitikise kwa mkono. Ngozi ya paji ikienda nayo, imekaa. Ikiteleza peke yake, ni kubwa. Ya mtumba tunaikataa kabisa. Povu la ndani hubonyea likipokea kishindo wala halirudi, na ganda la nje laweza kubaki zima, huoni kitu. Kwa hiyo hata mpya, akianguka nayo kichwa kikagonga, itupeni.

Miguuni, makubadhi na ndara marufuku! Mguu hupenya kwenye kikuku cha tandiko (pete ya kukanyagia), unanasa, na farasi akitimka humburuta mtoto mchangani. Avae kiatu cha kufunika mguu, chenye soli isiyo na meno makubwa na kisigino cha sentimita 2.5 hivi.