Terminali kuchapa "LLOOGGIINN" kwenye TIP

TIP ilikuwa kompyuta ya kuunganisha terminali na ARPANET, mtandao wa kompyuta uliofungwa mwaka 1990; hatua hizi ni za enzi hizo. Herufi kutoka mbilimbili si ubovu wa TIP wala wa laini ya simu. Teletype yako (terminali inayochapa kwenye karatasi) inachapa herufi yenyewe, halafu kompyuta ya mbali inairudisha kupitia ARPANET, inachapwa tena. Weka swichi ya terminali au modemu kwenye ful-dupleksi (isichape yenyewe unachobonyeza), au izuie kompyuta ya mbali isirudishe herufi. Moja tu, ukifanya yote mawili unachoandika hakitachapwa kabisa.

Ila kabla ya hapo hakikisha kasi. Teletype Model 33 ni baudi 110 (hapa, biti 110 kwa sekunde): kila herufi ina biti 11 (moja ya kuanzia, 8 za data na pariti, yaani biti ya kukagua makosa, 2 za kumalizia), yaani herufi 10 kwa sekunde. Ukipata takataka tupu, kasi hazilingani. IBM 2741 ni shughuli nyingine kabisa, maana inatumia baudi 134.5 na msimbo wa herufi usio ASCII, ule wa kawaida.

Kwenye terminali za kuchapa za baudi 300, tuma mstari mrefu kisha tazama mwanzo wa unaofuata. Herufi zikimwagika katikati ya karatasi, kichwa cha kuchapia hakijamaliza kurudi mwanzo wa mstari. Ongeza herufi tupu (NUL, zisizochapa chochote) baada ya kila mwisho wa mstari.

Na @ ni alama ya amri za TIP, kwa hiyo ukiitaka yenyewe andika @@.