Hela ya TASAF: bati au bakuli la mtoto?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mlengwa wa TASAF, ile ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, hapa Uvinza. Malipo yakitoka, mume wangu anataka yote tuyaweke tununue bati. Anasema chakula hakinunuliwi wakati mihogo iko shambani, na mama mkwe anamuunga mkono. Mtoto wetu wa mwaka mmoja na miezi minne ameshuka uzito kwenye kadi ya kliniki. Nikinunua dagaa kwa siri naitwa mwizi. Nifanyeje?" – Mama Wawili

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kwanza mtoto. Usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke zahanati wiki hii apimwe uzito, na mkono kwa ule utepe wa rangi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, anahitaji matibabu na si uji peke yake.

Mumeo simlaumu kwa kuwaza bati. Nyumba inayovuja masika ni mateso kwa wote. Ila kwenye mihogo amekosea. Ugali wa muhogo unashibisha, lakini karibu wote ni wanga. Mtoto hulala tumbo limejaa huku mwili hauna cha kujengea. Na umri wake hausubiri: kudumaa huanza zaidi kabla ya miaka miwili, na kukirudisha kilichopotea hapo ni kazi ngumu mno. Bati mtanunua hata mwakani.

Ruzuku hii haikuambatanishwa na kliniki na shule kwa bahati mbaya, ililenga watoto. Mexico walipoanzisha mpango wao wa Progresa mwaka 1997, fedha walikabidhi akina mama, na watoto wadogo wakapewa pia chakula cha lishe, kwa sababu hela kuingia nyumbani ni jambo moja na kufika kwenye bakuli la mtoto ni jambo jingine.

Wala hauhitaji hela yote. Nunua dagaa wakavu, wale walioanikwa juu ya kichanja ukiwapata. Wa mchangani wapepete, waoshe mpaka mchanga uishe, waanike tena, wakaange bila mafuta, kisha watwange na kuchekecha. Tia kijiko cha unga huo kwenye uji, na mawese kidogo yaliyo bado mekundu. Ukiyachoma hadi yapauke, vitamini A imekwenda. Siku nyingine mpondee maharage, au sombe (kisamvu) laini yenye karanga. Ale mara tatu hadi nne kwa siku, kwenye bakuli lake mwenyewe, maana kwenye sinia la wote kaka yake atamwahi. Titi usimwachishe. Na Ziwa Tanganyika likikaribia kufungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa Mei hadi Agosti 2024, weka dagaa mapema.

Siri acha, mwanangu, itakuvunjia nyumba. Nenda zahanati na mumeo, muuguzi amwonyeshe kadi mwenyewe; neno la muuguzi atalipokea kuliko lako. Kisha mkubaliane: malipo yakitoka, cha mtoto kinatengwa kwanza, kinachobaki kiende kwenye kikundi cha kuweka akiba kwa ajili ya bati. Mama mkwe mwombe akusaidie kutwanga dagaa na kumlisha mjukuu. Bibi akimlisha kwa mkono wake, hatapinga tena kununuliwa kwa chakula hicho.

Mumeo akikataa kabisa, waone wazee wa ukoo, na ikishindikana, kamati ya TASAF ya kijiji chenu. Ila kumpeleka mtoto zahanati usingoje ridhaa ya mtu.