Newala maisha bei gani? Inategemea umefika mwezi gani

Mkuu umesema umepangiwa kufundisha shule Newala, mkoa wa Mtwara, mshahara mkononi inabaki kama laki tano na nusu, una mke na mtoto wa miaka miwili, na jamaa mmoja kakwambia kule ni kijijini tu laki mbili unaishi kama mfalme, mwingine kakwambia Newala ghali kuliko Mtwara mjini. Wote wawili hawajakudanganya, kila mmoja kaenda mwezi wake. Mi nimefundisha pale kuanzia Novemba 2017 mpaka 2022 na hicho ndo kitu cha kwanza nilichojifunza, na nilikilipia ada.

Kwanza ujue Newala iko juu. Ni uwanda wa Makonde ule, ukienda pale Shimo la Mungu ukasimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma chini yako na Msumbiji ng'ambo, pazuri sana, kapige picha. Ila huo uzuri ndo bili yako. Juu huku hakuna mto. Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka Mitema kule bondeni yapandishwe mlima mzima, kwahiyo pampu ikikohoa au umeme ukizingua mji mzima unatembea na madumu. Ndo maana ukipita mitaani utaona karibu kila nyumba ina kitu kama kaburi la saruji uani lina mfuniko wa chuma na kufuli. Usiogope, ni kisima cha maji ya mvua. Bati linamwaga kwenye gata, gata linamwaga kisimani, mvua za Desemba mpaka Aprili ndo zinalisha mwaka mzima.

Sasa mi nimeshuka kwenye basi Novemba. Nimekula vumbi kuanzia lami ilipoishia, nimefika mwekundu kama tofali. Natafuta chumba, kila nyumba naambiwa elfu 50 kwa mwezi, na unalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nikashangaa, mwalimu mwenzangu alikuwa analipa elfu 25 mtaa huohuo. Kumbe yeye aliingia Juni. Halafu kisima kimekauka, ndoo ya lita 20 nanunua mia tano kwa wenye baiskeli, siku nyingine wanakaza mia saba, na huyo ni mimi peke yangu bila mtoto. Piga mwenyewe ndoo tano kwa siku. Mwezi ule wa kwanza nilitumia hela nyingi kwenye maji kuliko kwenye unga, hakyamungu.

Na kwanini kodi ilikuwa juu? Korosho. Minada inaanza Oktoba, hela zinaingia kupitia vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, na msimu ule wa 2017/18 kilo ilikuwa inacheza karibu na 4,000. Mji unafura aisee. Wafanyabiashara wanapanda kutoka Dar na sabufa, magodoro, makochi, pikipiki zinashushwa kwenye maroli zikiwa na nailoni bado, gesti zimejaa, mbuzi wa elfu 60 anaitwa laki na ishirini na anauzwa. Zile stori za watu kunawa mikono na soda mi sikuziona kwa macho yangu, ila bodaboda kukataa kunipeleka kwa buku nimeona, kaniambia "mwalimu leo sina njaa". Wewe na mshahara wako wa kawaida uko katikati ya watu ambao kwa miezi mitatu hawaulizi bei, na muuza nyanya hana bei ya walimu na bei ya wakulima, bei ni moja.

Alafu inafika Februari, Machi. Kimya. Zile pikipiki zinauzwa nusu bei, daftari la madeni la duka linakuwa nene kuliko msahafu, watu wanaanza kangomba, yaani mtu anakuuzia korosho za msimu ujao, mti haujatoa hata maua, kwa bei ya kutupa ili ale leo. (Utashawishiwa na wewe uingie kwenye kangomba maana mwalimu ndo mwenye hela kipindi hicho. Usiingie, ni kinyume cha sheria na pia utamuangaliaje mtoto wa huyo mzee darasani.) Hapo mshahara wako unageuka mkubwa ghafla. Kuku anakufuata nyumbani. Fundi anakuomba kazi. Ila unga sasa ndo unapanda maana sembe inatoka mbali huko na mahindi ya wenyeji yamekwisha, na mchicha wenyewe mvua zikiisha, enzi zangu fungu dogo lilikuwa mia tatu kwasababu nani atamwagilia bustani na maji ya kununua.

Miezi mitamu ni Juni mpaka Agosti. Muhogo umejaa, mbaazi zimejaa, ming'oko, vile viazi vya porini, inauzwa imechemshwa na chumvi na pilipili, enzi zangu mtu alikuwa anashiba kwa mia tano, kisima bado kina maji, na hakuna hela ya korosho mjini ya kukupandishia bei. Baridi tu, beba blanketi la maana na sweta la mtoto, feni acha hukohuko.

Msimu wa 2018 nadhani ndo ulinielewesha mambo vizuri zaidi. Minada ilikwama, bei hazikueleweka, mwezi wa 11 Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua kwa 3,300 na jeshi likaja kusomba. Uhakiki wa wakulima ukaenda mpaka mwaka uliofuata, hela ikawa inadondoka kwa matone badala ya kumwagika. Basi Desemba ile chumba cha jirani yangu kilikaa tupu, gesti zikalala, na mama mwenye nyumba wangu ambaye mwaka uliotangulia alikaza elfu 50 akaniambia mwenyewe lete elfu 30 tu mwanangu, na kwa miezi mitatu mitatu. Chumba kilekile, bati lilelile.

Kuna bibi mmoja alikuwa jirani, usichana wake kafanya kazi kiwanda cha korosho palepale Newala. Vile viwanda vikubwa vilijengwa na serikali kwa mikopo ya nje miaka ya 70 mpaka mwanzoni mwa 80, vikaja kukamilika wakati korosho zenyewe zimeshakufa, maana nchi ilitoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 ikashuka mpaka kama 16,000 mwaka 1986/87. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba, bei ikawa mbaya, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukamalizia. Kiwanda bila korosho utabangua nini. Majengo ya namna hiyo ukiyaona siku hizi mengi ni maghala.

Huyo bibi sasa anabangua nyumbani. Debe lenye matundu, moto, moshi mweusi wa kutoa machozi mtaa mzima, halafu anakaa kwenye kigoda anagonga moja moja kwa kipande cha chuma, vidole kajipaka majivu maana yale mafuta ya ganda yanababua ngozi. Ncha za vidole vyake nyeusi, hazitoki kwa sabuni yoyote. Siku moja namlalamikia bei za Desemba akacheka, akasema "Mwalimu, enzi za kiwanda mwezi ulikuwa na mwisho. Sasa hivi mwaka ndo una mwisho." Nilikaa nikalitafakari hilo mpaka chai ikapoa. Wakati ule maelfu ya mikono ilikuwa inapokea kila tarehe ya mwezi, sasa waliobaki na mwisho wa mwezi ni sisi, manesi, polisi na watu wa halmashauri, wengine wote wanasubiri mnada.

Kwa hesabu yako basi. Laki tano na nusu inatosha, ukikaa kwa kufuata kalenda. Mchele na unga nunua Julai weka gunia, usisubiri Februari. Mkaa hivyohivyo kabla ya mvua. Tenga fungu la michango, jando na unyago zikianza watakuletea kadi na usipotoa utajulikana, mi nilikuwa naweka elfu 40 likizo za Juni na nyingine Desemba. Vitu vya dukani kama mafuta na sabuni nilikuwa nashuka Masasi mara moja kwa miezi miwili, tofauti ndogo ila ukijumlisha na nauli inalipa tu kama una mzigo. Simtanki la lita 1000 ni bora kuliko kochi, nakuapia, wife atakuelewa Oktoba.

Kama barua inasema ripoti Januari, nenda peke yako kwanza. Na usilipe kodi kwa kuangalia vigae au rangi. Angalia gata kama limetoboka, angalia bati kutu, halafu mwombe mwenye nyumba afungue kufuli la kisima. Yule wa kwangu kamba yake ya ndoo ilikuwa na mafundo, fundo moja kila pima, na alikuwa anafungua baada ya swala ya alfajiri, ndoo nne kwa mpangaji basi. Omba ushushe mwenyewe, uhesabu mafundo mpaka ndoo iguse maji. Januari hiyo mafundo yakizidi matatu kabla ya kugusa maji, tafuta nyumba nyingine.