Swali Lako Usiliache Likasubiri Mengineyo

Mkutano wa mtaa wetu hapa Tanga hufanyika chini ya mwembe, kando ya ofisi ya mtendaji, baada ya Alasiri. Wanawake tunakaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kuazima madrasa. Miaka mitatu iliyopita nilisimama pale nikasema dakika kumi nzima. Kila kaya ilikuwa imetakiwa kuchanga Sh 10,000 za kujenga kalavati kwenye njia wanayopita watoto kwenda shule. Masika yalikuwa yameanza na kalavati halikuwepo. Nilisema mpaka sauti ikakauka, nikataja uzembe, nikataja watu wanaokula jasho la wanyonge. Nikapigiwa vigelegele. Mwenyekiti akajibu, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi," kikao kikafungwa kwa dua.

Wiki mbili baadaye nilikwenda ofisini kuomba kusoma muhtasari. Mtendaji akanifungulia daftari. Dakika zangu kumi zilikuwa zimeandikwa hivi: "Wananchi walitoa maoni kuhusu maendeleo ya mtaa."

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, karani mstaafu. Nilipomsimulia, akaniuliza nilisimama kwenye ajenda ipi. Nikamwambia mengineyo.

"Basi mwanangu, ulihutubia. Hukuuliza."

Vikao vyetu vina mpangilio uleule siku zote: kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mambo ya siku hiyo, na mwisho kabisa mengineyo. Mengineyo hufika jua likizama, akina mama wana chungu jikoni na mwenyekiti anatazama saa. Linalosemwa hapo husikilizwa, kisha hupotea, kwa sababu halina pa kurudi. Yatokanayo ndiyo ajenda yenye kumbukumbu. Ikishaandikwa kwenye muhtasari kwamba fulani ataleta taarifa fulani, kikao kijacho jambo hilo linarudi mbele ya watu wote, hata kama siku hiyo wewe umelala na homa.

Mara ya pili nilijiandaa. Niliandika nusu ukurasa, nakala mbili. Kaya ngapi zimelipa? Jumla shilingi ngapi? Zimetumika ngapi, kwa stakabadhi zipi, na zilizobaki ziko wapi? Nikampelekea mtendaji siku nne kabla, nakala yangu akaigonga muhuri na kuandika tarehe. Siku yenyewe, ilipofika taarifa ya mapato na matumizi, nikanyoosha mkono. Mtendaji akasema hesabu hiyo hakuja nayo. Zamani ningepandisha sauti. Safari hii nilisema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba taarifa ya mchango wa kalavati itasomwa kikao kijacho, na iandikwe itasomwa na nani." Nikabaki nimesimama mpaka nikaona kalamu inatembea.

Ikasomwa. Kaya 86, Sh 860,000. Mawe, mchanga na saruji Sh 340,000, stakabadhi zipo. Sh 520,000 zilizobaki hazikuwa benki. Alikuwa nazo mjumbe mmoja wa kamati, na alikiri kwamba alizitumia kwa dharura ya nyumbani kwake. Watu waliguna. Akatakiwa ataje tarehe ya kurudisha, ikaandikwa, akarudisha kwa mafungu mawili. Kalavati likajengwa, lakini maji ya mwaka ule yalikwisha kupita sebuleni mwetu.

Nakuomba sana, usimwite mtu mwizi mkutanoni. Ukimwita mwizi, ndugu zake wote watasimama, na mazungumzo yataacha fedha yaende kwenye heshima ya ukoo. Ukiuliza Sh 520,000 ziko wapi, hata shangazi yake anataka kusikia jibu. Halafu mtaani tunazikana. Mama yangu alipofariki mwaka uliofuata, yule mjumbe alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Jambo jingine ni kumjua mwenye kazi. Barabara zetu za mitaa ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na maji ni ya mamlaka ya maji. Ukimuuliza mwenyekiti wa mtaa barabara itachongwa lini, atakwambia si kazi yake, na atakuwa amesema kweli. Muulize barua ya kuomba ilikwenda lini, na jibu lake liko wapi. Hilo ni lake.

Na Baraza la Madiwani je? Hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Huzungumzi, swali lako linapita kwa diwani wako. Mpe kwa maandishi, mapema, lenye tarakimu. Kikundi chetu kilitaka kujua habari za ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria imewatengea wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na wenye ulemavu asilimia 2 kama mikopo. Hatukuandika "tunaonewa." Tuliandika: mapato ya ndani ya robo hii ni kiasi gani, asilimia 10 yake ni ngapi, na vikundi vingapi vya kata yetu vimepata? Kisha wanne tukajitanda kanga zetu, tukaenda kukaa viti vya nyuma. Diwani alipotuona, alilisoma neno kwa neno.

Pale ambapo hujibiwi, andika barua. Sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata taarifa inaipa ofisi siku 30 za kujibu ombi la maandishi, kwa hiyo tarehe ya kupokelewa ina thamani kuliko maneno yote uliyoandika. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri. Zangu ziko kwenye bahasha ya kaki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.