Kampuni ikibadili chipu, mashine yangu ya stika itakubali?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina duka dogo la uchapaji hapa Arua: kadi za harusi, mabango, fulana, stika za boda. Ninatumia kompyuta mbili za mezani zenye Windows, printa, na mashine ya kukata stika niliyoinunua Nasser Road, Kampala, miaka mingi iliyopita. Kabla muhula wa shule haujaanza nataka kuongeza laptopu mbili. Muuzaji ananiambia kuna uvumi kwamba kampuni inayotengeneza laptopu hizo inaachana na Intel na kuchukua chipu za kampuni nyingine, kwa hiyo ninunue za Intel upesi kabla hazijaadimika. Kijana anayenisaidia dukani anasema ningoje hizo mpya. Je, programu na mashine zangu zitakubali chipu mpya? Na za Intel zitakuwa takataka?
— Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu yangu, wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika biashara ya kompyuta methali hiyo imetimia zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitakwambia upuuze uvumi huo. Aprili 2018 shirika la habari la Bloomberg liliandika kwamba Apple inapanga kuiacha Intel kuanzia 2020. Juni 22, 2020, Apple ikatangaza jambo hilohilo, na Novemba mwaka huo kompyuta zenye M1, chipu ya Apple yenyewe, zikaingia sokoni. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo ilikuwa Apple hiyohiyo, safari hiyo ikitoka kwenye chipu za PowerPC kwenda kwa Intel. Magazeti ya Marekani yalivujisha habari siku chache mapema, watu wengi wakakataa kuamini, na Juni 6, 2005, Steve Jobs, mkuu wa Apple, akapanda jukwaani San Francisco akathibitisha. Akaongeza kwamba kwa miaka mitano mfumo wa Mac, yaani kompyuta za Apple, ulikuwa ukiandaliwa kwa siri uweze kuendeshwa na chipu za Intel pia.

Sababu ya kuhama ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwaka 2003 Jobs aliwaahidi wateja kompyuta yenye kasi ya gigahezi 3 ndani ya miezi 12, IBM iliyokuwa ikimtengenezea chipu haikuweza kumfikisha huko, na chipu hiyo ya PowerPC, G5, ilikuwa na joto kali hata haikuwahi kuingia kwenye laptopu. Intel nayo baadaye ikakwama kwa miaka kadhaa ikijaribu kutengeneza chipu za vijisehemu vidogo zaidi, kutoka kizazi cha nanomita 14 kwenda cha 10, na mwishoni mwa 2018 chipu zake zikawa haba kwa watengenezaji wengi. Mtengenezaji akiona mzigo unachelewa, au laptopu zake zinachemka, hutafuta muuzaji mwingine, kama wewe unavyofanya karatasi zikichelewa kutoka Kampala.

Lakini si muuzaji wala kijana wako aliyeuliza swali lenye uzito. Jina la kampuni inayotengeneza chipu halikupi jibu. Uliza chipu hiyo inaelewa lugha gani.

Kila prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, ina seti yake ya maagizo inayoyaelewa, na programu huandikwa kwa kuyafuata maagizo hayo. Lugha ya Intel inaitwa x86, na chimbuko lake ni chipu ya 8086 ya mwaka 1978. AMD, kampuni nyingine ya chipu, inazungumza lugha hiyohiyo. Tena ile x86 ya biti 64 tunayoitumia sote leo ilibuniwa na AMD, ikatoka 2003, na Intel ndiyo iliyofuata nyuma. Kwa hiyo kama uvumi wa muuzaji wako ni wa kutoka Intel kwenda AMD, lala usingizi. Dell ilikuwa ikiuza kompyuta za Intel tu hadi 2006 ilipoanza kuweka na za AMD, na kazi za watu maofisini ziliendelea kama kawaida. Windows ni ileile, programu zako ni zilezile, na mashine ya stika haitajua kilichobadilika. Usijaribu tu kung'oa chipu ya Intel na kupachika ya AMD kwenye kompyuta zako za mezani, maana madabodi, yaani bodi kuu zinazobeba chipu, hazioani.

Kama uvumi ni wa kwenda ARM, hapo vuta kiti tukae. ARM ni lugha nyingine kabisa. Ilizaliwa Cambridge, Uingereza, chipu yake ya kwanza ikatoka 1985, na ndiyo iliyo ndani ya simu yako. M1 ya Apple ni ARM, na laptopu za Windows zenye chipu ya Snapdragon ni ARM vilevile. Programu iliyoandikwa kwa x86 haieleweki hapo bila mkalimani.

Umewahi kuona ibada za Kampala ambapo mhubiri anasema sentensi kwa Kiingereza na mkalimani anairudia kwa Kiluganda? Ujumbe unafika, ila muda unaongezeka, na mkalimani asipokuwa hodari kuna maneno yanapotea njiani. Mac za M1 zilikuja na mkalimani anayeitwa Rosetta 2, hodari kiasi kwamba programu nyingi zilifanya kazi bila mwenye kompyuta kutambua. Windows 11 ya ARM nayo ina wake, Prism, na amekuwa mzuri sasa. Haikuwa hivyo zamani: mwaka 2012 Microsoft ilitoa tableti ya Surface RT yenye ARM bila mkalimani wa namna yoyote, programu za kawaida za Windows zikakataa kufunguka, na mwaka uliofuata kampuni ikaandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya kifaa hicho.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo pesa yako ilipo. Mkalimani hutafsiri programu. Hatafsiri draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Draiva ya mashine ya kukata stika hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, na mkalimani haingii humo. Ni lazima mtengenezaji wa mashine aandike draiva ya ARM yeye mwenyewe. Printa mpya nyingi hazisumbui kwa sababu Windows inakuja na draiva ya jumla inayozitosha. Mashine za zamani za stika, plota, na kile kidude cha leseni kinachochomekwa kwenye USB ndivyo vinavyotutoa jasho. Mwaka jana niliitwa na mteja wangu mmoja wa Kampala aliyenunua laptopu ya ARM kwa ajili ya kazi kama yako. Programu yake ya kuchorea ilifunguka vizuri, rangi safi, betri inakaa siku nzima. Tukachomeka mashine ya stika: kimya. Waliotengeneza mashine ile walikwisha kuisahau kitambo, nani angewaandikia draiva? Laptopu ile leo inaandika ankara na kujibu wateja, na stika zinakatwa na kompyuta ya zamani ya Intel iliyo kwenye kona. Iliniuma, kwa sababu alikuwa amekopa kuinunua.

Na takataka je? Kwa upande wa Windows sioni x86 ikitupwa karibuni; kompyuta zake ni nyingi mno duniani. Kwa Mac hadithi ni nyingine. Aliyenunua Power Mac G5, ile ya PowerPC, katikati ya 2006 alipata toleo moja tu jipya la mfumo, la Oktoba 2007, na toleo la Agosti 2009 likamfungia nje. MacBook Air ya Intel ya mwaka 2020 nayo haikupewa toleo la 2025. Sisi tunaonunua mitumba tuangalie hapo zaidi, kwa kuwa mashine inafika mikononi mwetu miaka yake mingi imeshaliwa na mmiliki wa kwanza.

Hata hivyo, kwako kuna tarehe ninayoihofia kuliko uvumi wowote: Oktoba 14, 2025, msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya kuilinda, uliisha. Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na maduka yetu bado yamejaa za kizazi cha sita na cha saba. Soma namba: i5-8250U ni ya nane, i5-7200U ni ya saba. Muuzaji anayekuharakisha ununue "Intel kabla hazijaisha" huenda anataka kumaliza hizo za saba. Usizichukue hata akipunguza bei.

Kwa kazi yako ningechukua x86, iwe Core ya Intel au Ryzen ya AMD, ile itakayokuwa na bei nafuu siku hiyo. Ukiona Snapdragon, hiyo ni ARM. Na ukiwa na shaka, fungua ukurasa wa About ndani ya Windows, penye aina ya mfumo kumeandikwa x64 au ARM. Kijana wako hajakosea kuhusu betri, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya oda, ARM mara nyingi hukaa saa nyingi zaidi. Basi kama moyo wako uko huko, nunua moja tu, ya kuchorea, na kompyuta za mezani ziendelee kukata stika. Laptopu yoyote utakayoichagua, beba mashine yako ya stika na waya wake hadi dukani, muuzaji aweke draiva mbele yako, mkate stika moja, kisha ndipo utoe pesa. Akikataa, nenda duka la pili.