Faili za WordPerfect na WordStar kwenye kompyuta mpya: usizibadilishe kabla hujazinakili

Mkuu, umesema una diski laini za marehemu mzee wako, zenye WordPerfect 5.1 (programu ya zamani ya kuandikia) na barua zake, na Windows inakataa kuifungua programu. Nami nilihangaika hivyo hivyo na miswada yangu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Programu yako ni nzima. WordPerfect 5.1 ilitoka mwaka 1989, ni ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), biti 16. Windows ya biti 64, ile ya kompyuta mpya, haiendeshi kabisa programu za biti 16, hata uhangaike na mipangilio vipi.

Kabla ya yote, linda diski. Kwenye zile za inchi 3.5 kuna kitufe kidogo pembeni. Kisukume hadi tundu libaki wazi, hapo haiandikiki tena. Kisha nakili diski nzima, weka nakala sehemu mbili. Mimi niliruka hatua hii. Nilifungua mswada kwa programu mpya, nikahifadhi juu ya faili lile lile, na tanbihi zote zikapotea. Sikuwa na nakala nyingine. Bado inaniuma.

Ukishanakili, weka DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, ni ya bure. Weka WordPerfect kwenye folda moja, iunganishe kwa amri ya mount (inayoifanya DOSBox iione folda hiyo kama diski), na ile skrini ya bluu itakuja kama zamani. Ila chunga sana Ctrl+F9! Ndani ya WordPerfect ni ya kuunganisha na kupanga, lakini DOSBox ya kawaida huichukua kama amri ya kujifunga papo hapo, bila kuuliza. Kurasa mbili zilinitoka hivyo. Bonyeza Ctrl+F1 uhamishie amri hiyo kwenye vitufe vingine kabla hujaanza kuandika. Kwa kuchapa natumia DOSBox-X, toleo lake jingine, maana ile ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo na haina habari na printa.

Kama unataka kusoma tu, LibreOffice, programu ya kisasa ya kuandikia, hufungua faili za WordPerfect. Hata faili lisilo na kiendelezi (zile herufi baada ya nukta kwenye jina) utalitambua, kwani mwanzoni kabisa kuna herufi WPC.

Ukikuta na za WordStar, programu nyingine ya zamani ya kuandikia, usidhani zimeoza. Mimi nilikuta "Nilifiká nyumbané" mahali pa "Nilifika nyumbani", nikakaribia kulifuta faili. Kumbe WordStar za zamani ziliweka alama zake za mpangilio kwenye biti ya nane ya herufi, mara nyingi ya mwisho wa neno, na hivyo namba ambayo kompyuta huhifadhia herufi hiyo huongezeka kwa 128. Ondoa 128 kwenye kila namba iliyozidi 127, maneno yatarudi yalivyoandikwa. Fanya hivyo kwenye nakala tu.

Ukikwama kwenye mount, weka hapa ujumbe unaoupata, nitakuelekeza.